Kabla njaa haijafika: namna ya kuchagua urithi wa kudumu mbele ya raha ya kitambo

Biashara ya Esau na Yakobo ilichukua muda wa kumaliza bakuli moja. Mwanzo 25 inaisimulia kwa mistari sita: Esau anatoka porini hoi, anakuta chungu cha dengu kinanukia, anasema yu karibu kufa, anaapa kumwuzia Yakobo mdogo wake haki yake ya mzaliwa wa kwanza, anakula, anakunywa, anainuka na kwenda zake. Njaa yake ilikuwa ya kweli. Kufa hakuwa karibu kufa, maana kwa baba yao Isaka hapakukosekana chakula. Ila njaa ina kawaida ya kuongeza chumvi, na urithi una kawaida ya kutoonekana. Fungu maradufu la mzaliwa wa kwanza lilikuwa jambo la miaka ijayo, dengu zilikuwa mbele ya pua.

Kosa la Esau lilianza kabla ya kufika jikoni. Alirudi bila akiba ya chakula mfukoni na bila kuwa amekata shauri lolote juu ya kitu asichokiuza kwa bei yoyote. Mtu wa namna hiyo akikutana na chungu na mwenye chungu aliye tayari, ameshauza. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwongozo huu iko kabla ya njaa. Ya wakati wa njaa yenyewe ni machache, na utayaona.

Andika urithi wako kwa majina

Tenga saa moja, asubuhi, umeshakula na umelala vizuri. Chukua karatasi moja na andika vitu visivyozidi vitano ambavyo hutaki kuviuza. Vikizidi vitano hutavikumbuka, na usichokikumbuka hakikuzuii chochote.

Usiandike maneno mapana. “Familia” ni neno tu. Andika: “Niwe nyumbani saa 1 jioni siku nne kwa wiki, watoto wakiwa bado macho.” “Maombi” andika: “Dakika 20 kabla ya kushika simu.” “Uaminifu” andika: “Sitachukua chenji ya ofisi hata 500.” Jambo linalodumu linahitaji saa, siku na kiasi, kwa sababu raha ya kitambo daima inavyo hivyo vyote: inakuja saa fulani, inauzwa bei fulani, iko mahali fulani.

Kisha pitisha kila mstari kwenye moto wa 1 Wakorintho 3:12-15. Paulo anataja vifaa sita vya kujengea: dhahabu, fedha, mawe ya thamani, miti, majani na manyasi. Vyote vinajenga, na nyumba ya manyasi inasimama haraka kuliko nyingine zote. Tofauti inaonekana moto ukipita. Jiulize: nikipoteza kazi, afya au jina, jambo hili litabaki na maana?

Wengi hukosea hapa kwa kuandika kile ambacho mchungaji au padri angependa kusikia. Karatasi hiyo hailindi kitu, maana moyo haukuweka hazina yake pale. Wengine huandika kiwanja, gari, shahada. Si vibaya kuvitaka, lakini endelea kuuliza “vya nini?” mpaka ufike chini. Anayetaka nyumba ili mama yake mzee asihangaike na kodi ana urithi wa kuandika. Aandike huyo mama, nyumba itafuata.

Siku saba za daftari

Kabla ya kujikataza chochote, jijue. Nunua daftari dogo la shule na kalamu ya kukaa nayo mfukoni. Kwa siku saba andika kila mara ulipofuata hamu: saa ngapi, nini, kiasi gani cha fedha au dakika, ulikuwa katika hali gani kabla yake, na ladha iliyobaki baada ya saa moja, halafu kesho yake asubuhi.

Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mwaka 1521 Inyasi wa Loyola, askari wa Kihispania, alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona, akalazwa miezi kadhaa nyumbani kwao. Akili yake ilizunguka kati ya ndoto mbili: kutafuta sifa mbele ya mwanamke wa tabaka la juu, au kumfuata Kristo kama walivyofanya watakatifu aliokuwa akisoma habari zao. Ndoto zote mbili zilimpendeza alipokuwa ndani yake. Siku moja akatambua tofauti: ya kwanza ilimwacha mkavu baada ya kupita, ya pili ilimwacha na furaha iliyobaki. Utambuzi wake wa roho, yaani kupima msukumo wa moyo unatoka wapi, ulianzia hapo, katika kuangalia kinachobaki. Utamu wa wakati ule ule haukuambii lolote, maana asali na sumu ya panya iliyopakwa sukari zote ni tamu ulimini.

Safu ya hali yako kabla ya tendo nayo isome kwa makini. Mara nyingi utakuta mambo manne yakijirudia: njaa, uchovu, hasira, upweke. Usiyadharau kwa kuwa si ya “kiroho”. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, hakupewa mahubiri kwanza. Alilala, akaamshwa akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akala mara ya pili, ndipo safari ya kwenda Horebu ikaanza. Mtu anayelala saa nne kwa siku na kushangaa kwa nini maombi yake hayashindi vishawishi anapaswa kuanza na kitanda.

Jambo linaloharibu zoezi hili ni aibu. Siku ya tatu daftari linaanza kuuma na mtu analificha. Andika papo hapo, maneno matatu yanatosha, na usijihukumu mpaka siku ya nane. Anayesubiri kuandika usiku anaandika alichotamani kuwa.

Chungu kimoja, siku kumi

Siku ya nane soma daftari lote mara moja, kisha chagua chungu kimoja tu, yaani raha moja ya kuiacha: kile kinachokula zaidi kutoka kwenye ile karatasi ya vitu vitano. Kimoja. Anayeacha pombe, mitandao, nyama na sukari kwa wiki moja huwa amerudi kwa vyote wiki inayofuata, tena kwa kisirani.

Fuata utaratibu wa Danieli sura ya 1, maana umepangwa vizuri kuliko mipango mingi tunayojitungia. Aliazimu moyoni kutokula chakula cha mfalme kabla ya sahani kuletwa. Alimwomba msimamizi kwa adabu, hakuanzisha ugomvi mezani. Alikuwa na chakula mbadala, cha mimea, na maji. Akaweka muda: siku kumi, halafu mtuangalie. Siku kumi zinabebeka, na zinatosha kuonyesha tofauti. “Kuanzia leo mpaka milele” ni kiapo ambacho jioni ya pili kinakuwa mzigo.

Kisha sogeza chungu mbali. Nia peke yake inachoka, lakini umbali hauchoki. Chukua mifano mitatu iliyo ya kawaida kwetu.

Simu ya usiku. Iweke ichaji sebuleni kuanzia saa 3 usiku, na ununue saa ya mezani yenye kengele, maana kisingizio cha kwanza kitakuwa “naitumia kuamkia”. Saa mbili kwa siku kwenye simu ni saa 730 kwa mwaka, zaidi ya siku 30 kamili, mchana na usiku. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma sura tatu kwa siku na tano kila Jumapili, unaimaliza ndani ya mwaka, na sura tatu nyingi huisha kwa dakika 15. Weka Biblia pale simu ilipokuwa inalala. Nafasi iliyoachwa tupu hujazwa na kilichotoka.

Mikeka ya kubeti. Shilingi 2,000 kwa siku ni 730,000 kwa mwaka. Viwango vya malipo hupangwa ili kampuni ibaki na faida, kwa hiyo kadiri unavyocheza kwa muda mrefu ndivyo hesabu inavyokugeukia, hata kama wiki hii umeshinda. Piga huduma kwa wateja uombe akaunti ifungwe, futa programu, na jiondoe kwenye makundi ya kupeana mikeka. Hela ya nauli ya wiki toa taslimu, nyingine ihamishie kwenye akaunti isiyounganishwa na simu. Kama kuna madeni, mwambie mwenzi wako wa ndoa au mtu mmoja unayemwamini leo, kwa jumla yake kamili. Deni la siri ndilo linalomrudisha mtu kubeti, maana anatafuta muujiza wa kulifuta kabla halijajulikana.

Mikopo ya simu. Chukulia mkopo wa 50,000 wenye ada ya asilimia 10 kwa mwezi. Ukiulipa na kuukopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima, umetoa ada ya 60,000 na deni la 50,000 bado liko palepale. Kujitoa kwa pigo moja kunawashinda wengi, kwa hiyo shuka ngazi: kila unapolipa, kopa pungufu kwa 10,000. Mwezi ujao 40,000, unaofuata 30,000, hivyo hivyo. Baada ya mikopo mitano umemaliza, na ada yote ni 15,000. Mithali 22:7 inamwita akopaye mtumwa wake akopeshaye, na yeyote aliyewahi kupigiwa simu na wakopeshaji mbele ya wafanyakazi wenzake anajua neno hilo halikutiwa chumvi.

Tahadhari moja ya afya: kama chungu chako ni pombe, nawe umekuwa ukinywa sana kila siku kwa muda mrefu, usikate ghafla ukiwa peke yako. Mwili unaweza kupata mitetemo, kuchanganyikiwa, hata degedege, na hali hiyo inaweza kuua. Nenda kwanza zahanati au hospitali, ueleze kiasi halisi unachokunywa. Kumwona daktari si upungufu wa imani.

Siku ya mshahara

Saa ya hatari kuliko zote kwa nyumba nyingi ni zile saa 24 baada ya fedha kuingia, kwa hiyo mgawanyo uandikwe siku mbili kabla, mkiwa wawili mezani kama mmeoana. Mfano kwa 600,000: fungu la kumi 60,000, akiba 60,000, wazazi 50,000, kodi ya nyumba 120,000, chakula 180,000, nauli 60,000, umeme, maji na bando 30,000, harusi na misiba 20,000, raha 20,000. Makadirio yako yatatofautiana. Mpangilio usitofautiane: vya kudumu vitoke kwanza, siku ile ile, kabla ya kupita sokoni. Sadaka inayosubiri mwisho wa mwezi hukutana na mabaki, na mabaki hayapo.

Fungu la raha lisifutwe. Mhubiri 9:7 inamwambia mtu ale mkate wake kwa furaha, na 1 Timotheo 6:17 inasema Mungu hutupa vitu vyote kwa wingi tuvifurahie. Chipsi mayai za Ijumaa pamoja na watoto, zikilipiwa kutoka kwenye fungu lake, ni shukrani. Bajeti isiyo na raha hata shilingi moja hupasuka wiki ya tatu, na ikipasuka haivujishi 20,000, inavujisha 100,000.

Fungu la harusi linahitaji ujasiri. Kadi za michango zitakuja tano mwezi mmoja, kila moja na kiwango chake kimechapwa. Toa kutoka kwenye fungu, na likiisha sema kwa upole: “Ndugu yangu, mwezi huu nimeshafika mwisho, nitakuja kusaidia kupika.” Hakuna heshima katika kukopa kwa ajili ya ukumbi wa mtu mwingine huku ada ya mtoto wako haijalipwa.

Kwa manunuzi yasiyo kwenye orodha, weka kipimo cha kungoja: kinachozidi 30,000 kilale usiku mmoja, kinachozidi 100,000 kilale siku saba. Andika jina lake na tarehe kwenye daftari. Vingi vitafutika vyenyewe kabla ya siku ya saba kufika, na kile kitakachobaki unaweza kukinunua ukiwa na amani.

Kipato kikiongezeka, mtego mwingine unafunguka. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, katika hubiri moja la uzeeni, alieleza habari za mmoja wa Wamethodisti wa kwanza aliyepata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa 28 na kutoa 32. Wa tatu 90, akatoa 62. Wa nne 120, akatoa 92, bado akiishi kwa 28. Si lazima ufuate ukali wake, hasa ukiwa na watoto wanaokua. Chukua kanuni: amua leo, kabla ya nyongeza, nusu yake itakwenda wapi. Mshahara mpya ukishazoeleka mdomoni, hautoki tena.

Hamu ikifika mlangoni

Hapa maneno ni machache kwa sababu wakati wenyewe ni mfupi. Hamu hupanda, hufika kilele, hushuka, na mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30 imeshalegea kama hukuilisha. Usijadiliane nayo. Hawa alijadiliana na nyoka, Yusufu alikimbia na kuacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa. Ondoka mahali ulipo, kwa miguu. Omba sala fupi unayoijua kwa moyo, kwa sauti. Mpigie yule mtu mmoja uliyekubaliana naye mapema, na kama hapokei, mtumie ujumbe wa neno moja mlilopanga. Shika kazi ya mikono: osha vyombo, chota maji, fagia uwanja.

Na usibadilishe azimio lako ukiwa katika giza au ukavu. Inyasi alilisisitiza sana hili: uamuzi ulioufanya ukiwa na amani usiuguse ukiwa na huzuni. Kama unaona kweli siku kumi zilikuwa kosa, utalibadilisha kesho umeshakula.

Yanayopotosha hata wenye nia njema

Jambo la kudumu linaweza kuwa kisingizio. Katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Mtu anayetoa ahadi kubwa ya ujenzi wa kanisa mbele ya watu huku baba yake kijijini hana dawa ya presha amenunua sifa ya dakika mbili, na sifa nayo ni dengu.

Sadaka inayotolewa ili irudi mara kumi mwezi huu nayo ichunguzwe. Mungu hubariki, hilo halina ubishi. Lakini anayepanda leo ili avune gari kesho bado yuko kwenye kubeti, amebadilisha ukumbi tu. Dalili ni hii: gari lisipokuja, anamkasirikia Mungu au anahama kanisa.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kuchukia kila kitamu. Wakolosai 2:20-23 inazitaja amri za “usishike, usionje, usiguse”, na inasema wazi kwamba zinaonekana kama hekima lakini haziwezi kuzuia tamaa za mwili. Ukiona mfungo wako unakufanya mkali kwa mke na mwenye kuhesabu dhambi za jirani, punguza mfungo, ongeza upendo.

Kisha kuna kuanguka, ambako kutatokea. Usingoje Jumatatu, wala tarehe moja, wala mwaka mpya. Rudi kwenye mlo unaofuata. Tubu kwa jina la tendo, bila kuzunguka. Kama umemdhulumu mtu, rudisha, kama Zakayo, yule mtoza ushuru, alivyosema kiasi chake kabisa, mara nne. Mwambie mtu mmoja, kwa kufuata Yakobo 5:16, na kwa Wakatoliki sakramenti ya kitubio ipo kwa ajili hiyo. Halafu fungua daftari uandike kilichotangulia anguko: ulikuwa na njaa, umechoka, una hasira, au peke yako? Hapo ndipo ukuta ulipo wazi, na hapo ndipo pa kuziba.

Siku ya kumi ikiisha, usijipime mwenyewe. Mwulize mtu anayeishi nawe swali moja: “Umeona tofauti gani?” Kisha nyamaza asikike mpaka amalize. Mke, mume au mtoto wa miaka nane ataona mambo ambayo daftari halikuyaandika. Akisema hajaona kitu, huenda ulichagua chungu kisichokuwa chako, kwa hiyo rudi kwenye kurasa za siku saba uchague kingine. Akisema ameona, ongeza siku 30 kwa chungu kile kile, na ndipo uanze kufikiria cha pili.